Milimita 58: Safari Yangu ya Kwanza Zschopau

Niliondoka Leipzig alfajiri moja ya Oktoba, nimepakata mkoba mzito ndani ya treni ya kwenda Chemnitz. Mkobani mlikuwa na silinda ya pikipiki aina ya MZ TS 150, pistoni yake, kalipa ya venia, karatasi nyembamba za kuchorea na sahani ya plastiki iliyogawanywa nyuzi 360. Nilikuwa naelekea Zschopau, mji mdogo ulio kwenye milima ya Erzgebirge, kusini mwa jimbo la Saxony, si mbali na mpaka wa Cheki. Sikuwa nimewahi kufika huko, ingawa kila aliyeshika MZ amelitaja jina la mji huo bila kujua: herufi Z ni ya Zschopau.

Nimekulia Unguja, kisiwa cha Vespa, na ufundi niliuanza nikiwa mtoto wa kutumwa spana kwa fundi wa mtaani kwetu. Injini ya mipigo miwili, ile inayotiwa petroli iliyochanganywa na oili, naijua kwa harufu na kwa mlio. Najua pia kazi inavyokwenda kwetu. Silinda ikiliwa hupelekwa kuchongwa, hutafutiwa pistoni ya saizi ya juu na ringi mpya, hufungwa, hupigwa kiki, mwenye chombo akalipa akaondoka. Ni kazi ya heshima na imelisha familia nyingi. Kitu kimoja tu hakimo ndani yake, nacho ndicho kilichonipeleka Zschopau: matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda hakuna anayeyapima.

Ile TS 150 niliinunua Leipzig ikiwa imeshapita mikono mingi. Kuwaka iliwaka vizuri. Ukiipandisha kilima ilichemka upesi na kupoteza nguvu, na nilipoifungua nikakuta pistoni imebabuka zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia. Kabureta ilikuwa safi, moto wa plagi umepangwa sawa, sili za krenki mpya. Kilichobaki kuulizwa ni silinda yenyewe.

Nieleze kidogo kwa ajili ya msomaji asiyekuwa fundi. Injini ya gari ina valvu, na valvu zina kemshafti ya kuziamrisha zifunguke lini na zifunge lini. Injini ndogo ya mipigo miwili kama hii yangu haina hata moja ya hizo. Pistoni inapopanda na kushuka ndiyo inayofunua na kufunika matundu. Tundu la moshi liko mbele, juu kuliko mengine. Matundu mawili ya kupitishia mchanganyiko wa petroli na hewa yako ubavuni, kila upande moja, na ukingo wake wa juu uko chini kidogo ya ule wa tundu la moshi. Tundu la kuvutia kutoka kwenye kabureta liko nyuma, chini kabisa, nalo hufunuliwa na sketi ya pistoni wakati pistoni inapanda. Ratiba nzima ya injini, nani aingie lini na nani atoke lini, iko kwenye urefu na upana wa matundu hayo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 10 za elfu za sekunde, na tundu la moshi hubaki wazi kwa sehemu 4 na kitu. Katika muda huo moshi wote utoke, na mchanganyiko mpya uingie bila kutoroka nao. Anayepitisha tupa hapo, hata kidogo, amebadilisha ratiba.

Chemnitz tulifika baada ya kama saa moja. Mji huu uliitwa Karl-Marx-Stadt kuanzia 1953 hadi 1990, na bado una safu ndefu za magorofa ya zege ya enzi hizo. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa ni majengo gani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilijenga magorofa ya Kikwajuni, na mipango ya Michenzani ina mkono wake pia. Niliyatazama kwa muda, nikajihisi si mgeni sana, kisha nikapanda treni ndogo ya kwenda milimani.

Reli inaufuata mto Zschopau kwa karibu, mto ukiwa mara huku mara kule, misitu ya misonobari imeshuka hadi ukingoni. Abiria walikuwa wachache. Stesheni ya Zschopau iko chini kando ya mto, na mji uko juu, kwa hiyo ukishuka na silinda ya chuma begani unaupanda mlima kwa miguu kabla ya kuona chochote. Nilichoona kwanza ni mnara wa mviringo wa ngome ya Wildeck, mnene ajabu, ambao wenyeji wanauita Heinrich Mnene. Ndani ya ngome hiyo leo mna maonyesho ya pikipiki zilizotengenezwa mjini hapo.

Kuna haja ya kukaa hapo kidogo, kwa sababu bila historia hii vipimo vyangu havina maana. Mdenishi mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, ndiye aliyeleta viwanda hivi Zschopau katika mwongo wa kwanza wa karne iliyopita. Alijaribu gari la mvuke, na humo ndimo lilimotoka jina DKW, lakini kilichomtajirisha ni injini ndogo ya mipigo miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 DKW ndicho kilichokuwa kiwanda cha pikipiki kikubwa kuliko vyote duniani. Mwaka 1932 kiliungana na Audi, Horch na Wanderer kuunda Auto Union, na kila ukiona pete nne kwenye pua ya Audi barabarani, moja ni ya mji huu wa mlimani.

Wakati huohuo mhandisi Adolf Schnürle, aliyekuwa akifanya kazi Deutz kule Köln, alikuwa amelitatua tatizo kubwa la injini hizi. Zamani mchanganyiko uliingia upande mmoja na moshi ukatoka upande wa pili, na ili visipishane moja kwa moja pistoni ilifinyangwa nundu kichwani. Nundu hiyo ilikuwa nzito na ilishika moto. Schnürle aliyaelekeza matundu ya kupitishia nyuma, mbali na tundu la moshi. Mikondo miwili inakutana kwenye ukuta wa nyuma, inapanda nao mithili ya wimbi linalopiga ukuta wa Forodhani, inajigeuza kwenye kichwa cha silinda na kushuka mbele ikiusukuma moshi utoke. Pistoni ikawa karibu bapa, na nyepesi. DKW walinunua haki ya kutumia wazo hilo kwenye pikipiki mapema miaka ya 1930, na Vespa ya PX iliyoegeshwa Darajani leo inapumua kwa njia hiyo hiyo.

Kwenye maonyesho yale nilisimama muda mrefu mbele ya RT 125. Mkuu wa usanifu wake alikuwa Hermann Weber, na injini ina kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa pistoni wa milimita 58. Ilitoka mwaka 1939, na vita vikaifuata. Vita vilipokwisha michoro yake ikachukuliwa na washindi, na Weber mwenyewe akapelekwa Urusi ya Kisovieti, akafia huko 1948. Warusi walitoa Moskva M1A. Waingereza walitoa BSA Bantam mwaka 1948, wakiigeuza kulia kuwa kushoto. Wamarekani wa Harley-Davidson walitoa yao ya 125. Na mwaka 1955 kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikitengeneza vinanda, Yamaha, ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, nayo pia ni 52 kwa 58. Pikipiki za Yamaha DT na AG ambazo mabwana shamba wetu walizitumia vijijini zimetoka kwenye kampuni iliyojifunza kazi kwa kuipima pikipiki ya Zschopau.

Nimesema kuipima, na nakusudia hivyo. Kuiga injini ya mtu si kuitazama kwa jicho. Mtu alikaa na kalipa, akaandika namba, na namba hizo zikavuka bahari. Waliobaki Zschopau, baadaye kwa jina la MZ, waliendelea nazo. Silinda iliyokuwa mkobani mwangu, ya TS 150 iliyoanza kutengenezwa 1973, ilikuwa imepanuliwa kipenyo hadi milimita 56, lakini mwendo wa pistoni ulibaki ule ule, 58.

Mchana nilichukua basi hadi kijiji cha jirani, kwa mzee mmoja ambaye muuza vipuri wa Leipzig alikuwa amenielekeza. Alifanya kazi kiwandani tangu ujana wake, na baada ya kustaafu anatengeneza injini za MZ katika chumba kilichokuwa zamani zizi. Rafu zake zimejaa silinda, kila moja imefungwa uzi wenye kikaratasi cha namba. Nilimsalimu kwa heshima anayostahili mtu wa umri wa babu yangu, nikamweleza shida ya injini. Nilitegemea aniulize mwendo wa pikipiki au nguvu yake. Aliuliza, “Gasketi ya chini ya silinda ilikuwa na unene gani, kijana?”

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Gasketi ya chini ikiwa nene, silinda nzima imeinuka, na matundu yote yameinuka nayo. Tundu la moshi na yale ya kupitishia yatafunguka mapema na kufunga kwa kuchelewa, la kuvutia litabaki wazi muda mfupi zaidi, na mgandamizo utapungua. Hakuna aliyegusa tupa, na tayari ni injini nyingine. Nilikuwa nimeihifadhi gasketi ile kwenye bahasha, tukaipima: zilikuwa mbili, zimebandikwa pamoja kwa gundi.

Kazi yenyewe tuliianza kwa kutafuta kilele, yaani pale pistoni inapokuwa juu kabisa. Mzee alikuwa na injini ya majaribio mezani, nusu yake ya chini tu, na silinda yangu ikafungwa juu yake pamoja na pistoni yangu. Sahani ya nyuzi ikakazwa kwenye ncha ya krenki, na waya mwembamba ukawekwa kuwa mshale. Mtu angedhani kilele kinaonekana kwa macho. Hakionekani. Krenki ikiwa imepita kilele kwa nyuzi 5 nzima, pistoni ya injini kama hii huwa imeshuka takriban milimita 0.14 tu, na jicho halioni hilo. Kwa hiyo mzee alichukua gamba la plagi kuukuu, lililotolewa kauri na kutiwa boliti ndefu katikati, akalifunga kwenye kichwa. Ukizungusha krenki upande mmoja pistoni inagusa boliti na kusimama, unasoma namba. Unazungusha upande wa pili inagusa tena, unasoma. Kilele kiko katikati ya namba hizo mbili hasa. Unahamisha sahani mpaka sifuri ikae hapo, unarudia, na usiendelee na chochote mpaka pande zote mbili zitoe namba moja.

Kisha boliti ikatolewa na kazi ya matundu ikaanza. Mzee alizima taa ya chumba, akaingiza taa ndogo kwenye njia ya moshi, na mimi nikachungulia kutoka juu huku nikizungusha krenki polepole. Mstari wa mwanga ulitokea kwenye ukingo wa pistoni, nikasimama, nikasoma sahani. Hapo ndipo nilipoliona tatizo langu waziwazi: mwanga haukutokea kwa mstari mmoja. Ulianza kwenye pembe ya kushoto, na krenki ilihitaji nyuzi kama 2 zaidi kabla haujafika kulia. Mtu alikuwa ameitia tupa pembe ya kushoto.

Tulifanya vivyo hivyo kwa matundu ya kupitishia, taa ikiwa chini ya silinda. Haya ni lazima yafunguke pamoja. Mkondo wa upande mmoja ukitangulia, ile mikondo ya Schnürle haikutani katikati. Mmoja unaulemea mwingine, duara linainama, na sehemu moja ya silinda inabaki na moshi mzee wenye moto. Kwenye silinda yangu yalifunguka karibu pamoja, tofauti ikiwa ndogo ambayo mzee alisema ni ya kawaida kwa chuma cha kumiminwa, kwani kalibu za mchanga hazikai sawasawa kila siku. Kwa hiyo kosa lilikuwa juu, kwenye moshi.

Sahani ya nyuzi inahitaji injini mezani. Fundi mwenye silinda peke yake anaweza kufika kwenye jibu lile lile kwa kalipa na hesabu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndiyo sehemu ninayotaka iwafikie mafundi wa nyumbani. Pima kutoka uso wa juu wa silinda hadi ukingo wa juu wa tundu. Toa umbali ambao ukingo wa pistoni unabaki chini ya uso huo pistoni ikiwa kileleni, maana kichwa cha pistoni kimebinuka katikati na kinachofunua tundu ni ukingo wake. Unachopata ni umbali ambao pistoni inasafiri kabla ya tundu kufunguka. Sasa una pembetatu: nusu ya mwendo wa pistoni ni upande mmoja, konrodi kutoka katikati ya tundu la pini hadi katikati ya tundu la krenki ni upande wa pili, na wa tatu ni umbali kutoka katikati ya krenki hadi pini ya pistoni.

Tuchukue mwendo wa 58, kwa hiyo nusu yake ni 29, na kwa ajili ya hesabu tu tuseme konrodi ni milimita 110. Pistoni ikiwa kileleni pini iko milimita 139 kutoka katikati ya krenki. Ikiwa tundu la moshi linafunguka pistoni imeshuka milimita 39, pini imebaki milimita 100. Zidisha 29 kwa 29 upate 841, jumlisha 10,000, toa 12,100, unabaki na 1,259 pungufu ya sifuri. Gawa kwa 5,800, ambayo ni 2 mara 29 mara 100. Unapata 0.217 hasi, na kikokotoo cha simu kitakuambia kuwa kosaini hiyo ni ya nyuzi 102.5. Tundu linafunguka nyuzi 102.5 baada ya kilele na kufunga nyuzi hizo hizo kabla ya kilele kinachofuata, kwa hiyo linakuwa wazi nyuzi 155. Rudia hesabu kwa milimita 40 badala ya 39, utapata karibu 151. Milimita moja tu ni zaidi ya nyuzi 4 za ratiba. Pikipiki za safari kwa kawaida huacha tundu la moshi wazi kwa nyuzi 150 na kitu hadi 160 na kitu. Za mashindano hupanda hadi karibu 200, na ndiyo maana haziendi vizuri kwenye mizunguko ya chini.

Upana tuliuchukua kwa karatasi. Unaikunja karatasi nyembamba ndani ya silinda ikumbatie ukuta wote, unaishikilia isiteleze, halafu unasugua kwa penseli laini juu ya kingo za matundu. Ukiitoa na kuilaza mezani, ramani ya silinda iko mbele yako, matundu yote kwa safu, na upotovu ambao jicho halikuuona ndani ya duara unajitokeza hata kwa mtu asiyekuwa fundi. Ile pembe ya kushoto ilikuwa imepanda milimita 1 kamili kupita ya kulia, tena imeachwa na kona kali.

Ila karatasi ina jambo moja la kuangaliwa. Inapima ukuta uliopinda, na ringi ya pistoni inavuka tundu kwa mstari ulionyooka. Tundu ambalo karatasi inasema lina milimita 38 kwenye silinda ya kipenyo cha 56, ukilipima kwa mstari ulionyooka lina milimita 35 tu, yaani kama asilimia 63 ya kipenyo. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoamua usalama. Kwa tundu moja la moshi lisilo na nguzo katikati, mafundi wazoefu wa injini za barabarani hawapendi kuvuka sana asilimia 60 na kitu, na 70 kwao ni mwisho. Zaidi ya hapo ringi inachomoza ndani ya tundu, inagonga ukingo, inakatika, na vipande vinaimaliza silinda.

Kuhusu kingo, mzee alisisitiza zaidi ya chochote kingine. Silinda ikitoka kuchongwa kingo za matundu huwa kali kama kisu, kwa sababu ncha ya kuchonga imepita hapo. Lazima zipunguzwe kwa mkono, kwa jiwe au tupa ndogo laini, ukingo wote, hasa wa juu na wa chini, ili ringi iingie na kutoka bila kunaswa. Na ukishazipunguza upime upya. Aliangalia pia vijiti vidogo vinavyozuia ncha za ringi zisizunguke: ncha hizo zisipite kamwe juu ya tundu. Kisha akaigeuza pistoni yangu, akaipima sketi yake, akaiweka kando ya pistoni ya kiwandani. Ilikuwa fupi. Sketi fupi hulifunua tundu la kuvutia mapema na kulifunika kwa kuchelewa, na mchanganyiko unarudi kwenye kabureta. Pistoni ilikuwa ya kipenyo sahihi kabisa, na ndiyo maana aliyeinunua hakuwa na shaka nayo.

Hukumu ilikuwa fupi. Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, na kuitia tupa pembe ya kulia ili ilingane na ya kushoto kungetupa pikipiki ya mashindano yenye ekzosi ya safari. Silinda yangu ilibaki kwenye rafu ya mzee na kikaratasi chake, iwe ya kufundishia. Aliniuzia nyingine ambayo haijawahi kuguswa, iliyo tayari kuchongwa saizi ya kwanza, tukaichora kwenye karatasi kabla sijaifunga kwa taulo.

Kesho yake, njiani kurudi, nilishuka Erdmannsdorf nikapanda reli ya kamba, iliyofunguliwa 1911, inayovutwa hadi kwenye ngome ya Augustusburg. Humo mna jumba la makumbusho la pikipiki tangu 1961. Mwaka huo huo, kiwandani Zschopau, Walter Kaaden alifanya jambo ambalo dunia ya pikipiki haijaacha kulizungumza. Kaaden alizaliwa 1919 Pobershau, kijiji cha milima hiyo hiyo, akachukua uongozi wa idara ya mashindano ya MZ mwaka 1953. Fedha alikuwa nazo chache. Alichokuwa nacho ni subira ya kupima. Alitumia oskiloskopu kuliona wimbi la mgandamizo linalokimbia ndani ya ekzosi, akatumia valvu ya sahani inayozunguka kwa ajili ya kuvutia, akaongeza tundu la tatu la kupitishia. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25 kwa mizunguko 10,800, sawa na 200 kwa lita moja bila msaada wa kompresa, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia.

Ekzosi yake inaeleza kwa nini urefu wa tundu hauguswi hovyo. Tundu linapofunguka, wimbi linakimbia ndani ya bomba. Sehemu inayopanuka inalirudisha kama mvuto unaonyonya moshi. Sehemu inayobanwa mwishoni inalirudisha kama msukumo, unaouzuia mchanganyiko mpya usitoroke na kuurudisha ndani kabla tundu halijafunga. Wimbi lina mwendo wake na bomba lina urefu wake, kwa hiyo muda wa tundu na umbo la bomba ni hesabu moja. Anayebadilisha tundu na kuliacha bomba amezivunja zote mbili.

Septemba 1961, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kujengwa, mwendeshaji wa Kaaden, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi kwenye mashindano ya Kristianstad, Sweden, akaenda na maarifa hayo Suzuki. Mwaka 1962 Degner na Suzuki walichukua ubingwa wa dunia wa daraja la cc 50. Kwa mara ya pili vipimo vya Zschopau vilifika Japani, na Kaaden akabaki mlimani kwake hadi alipofariki 1996. Mbele ya pikipiki za mashindano za MZ nilimhurumia mzee huyo ambaye sikuwahi kumjua. Dunia iliendesha kazi yake, na yeye hakupata hata ubingwa mmoja wa dunia kwa jina la kiwanda chake. Kiwanda cha Zschopau chenyewe kilisimamisha utengenezaji mwishoni mwa 2008.

TS 150 sasa inapanda vilima vya Saxony bila kuchemka. Lakini ninayoifikiria zaidi ni Vespa. PX 150 ina kipenyo cha milimita 57.8 na mwendo wa 57, karibu ndugu wa ile ya Zschopau kwa vipimo. Kuvuta kwake kunasimamiwa na krenki, kwa hiyo fundi ana kazi ya tundu la moshi na yale ya kupitishia tu. Nyingi ya Vespa zetu za Unguja zina silinda zilizochongwa na kurudiwa, na kila moja ina vipimo vyake ambavyo hakuna aliyeviandika. Nawaomba mafundi wenzangu wa Unguja, Pemba, Tanga na popote injini hizi zinapoishi: kabla silinda haijatoka mikononi mwenu kwenda kuchongwa, ingizeni karatasi, sugueni kwa penseli, pimeni urefu wa kila tundu kutoka juu, unene wa gasketi na urefu wa sketi ya pistoni, muandike tarehe na namba ya chombo, na karatasi hiyo muihifadhi kwenye daftari moja. Inachukua chini ya nusu saa, na vifaa vyake viko katika kila karakana.